Orest Kozoriz Arudishwa Nyuma

Orest Kozoriz alikuwa winga wa kushoto. Watu wa Hazelmoor walimtaja hivyo, kama wanavyosema fulani ni fundi wa matrekta au fulani ni mjane. Alikuwa pia mkulima wa ngano, mume wa Darka, na mwimbaji wa sauti nzito kanisani, lakini wakulima na waume na waimbaji walikuwepo wengi. Winga wa kushoto wa timu ya Mabata Bukini alikuwa mmoja tu, tangu enzi zile paa la uwanja wa barafu lilipokuwa likivuja.

Mabata Bukini haikuwa timu ya kumtisha mtu. Walikuwa wakulima, dereva wa basi la shule, muuza vipuri, na mzika maiti mmoja aliyekuwa mchangamfu kuliko wote. Jumapili mchana walicheza hoki ya barafuni na wanaume wa makamo wenzao wa miji ya jirani, kwa sababu mashamba ya Saskatchewan yakishalala chini ya theluji, mtu hawezi kushinda nyumbani miezi yote ile bila kukosana na mkewe. Hawakulipwa. Watazamaji walikuwa wake wawili watatu waliokuja na mablanketi na kuongea mambo mengine.

Aliyeiongoza timu ni Mwalimu Caron. Bernadette Caron alikuwa mkuu wa shule mpaka alipostaafu, na karibu kila mchezaji alifundishwa naye kusoma. Wengine walikuwa wameshakuwa mababu, lakini hakuna aliyethubutu kumwita Bernadette.

Jumapili moja mwanzoni mwa Novemba, Mwalimu Caron aliingia chumba cha kubadilishia nguo bila kubisha hodi, akawasubiri wenye aibu wavute taulo, kisha akasema:

"Wendell ameanguka kutoka juu ya paa akifunga taa za Krismasi. Amevunjika nyonga. Msimu huu hachezi."

Watu wakamsikitikia Wendell. Mmoja akauliza kama taa zilipona.

"Zilipona," akasema Mwalimu Caron. "Kwa hiyo hatuna beki wa kushoto. Orest, utarudi nyuma. Winga atacheza kijana Colby."

Orest alikuwa anafunga kamba za viatu vyake vya barafu. Akaendelea kufunga.

"Mimi ni winga, Mwalimu."

"Ulikuwa."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, umezeeka. Mwaka jana tukishambulia, wewe unafika kule wakati wenzako wameshaanza kurudi. Mnapishana njiani."

Clint, kipa wa timu, akacheka, halafu akajifanya anakohoa. "Mzee alikuwa anatupungia mkono," akasema.

"Sawa," akasema Orest. Waliomjua wakajua kwamba si sawa hata kidogo.

Lakini kama ni kurudishwa nyuma tu, hilo angelimeza. Mabeki hucheza wawili wawili, mmoja kushoto na mwenzake kulia, na beki wa kulia wa Mabata Bukini alikuwa Ewald Friesen. Orest na Ewald walikuwa hawajasemezana kwa zaidi ya miaka kumi.

Kisa chenyewe kila mtu Hazelmoor alikijua. Kulikuwa na shamba bondeni, la udongo mweusi, lililotenganisha ardhi ya Kozoriz na ardhi ya Friesen. Mwenyewe alikuwa mjane aliyehamia mjini, na baba yake Orest, mzee Petro, alilikodi tangu ujana wake. Ilikuwa inaeleweka, bila kuandikwa popote, kwamba siku mama yule akiliuza, atalinunua Kozoriz. Basi mzee Petro akapata kiharusi, akalazwa, na Orest akawa anashinda kando ya kitanda chake. Majuma hayo hayo mama yule akaamua kuuza. Ewald akaenda mjini, wakaelewana. Orest aliporudi kutafuta nguo safi, alikuta nguzo mpya za uzio bondeni, na Ewald amesimama katikati yake ameshika nyundo. Mzee Petro akafa kabla ya Pasaka. Kwenye mazishi akina Friesen walileta paja la nguruwe lililookwa vizuri sana. Orest alimshukuru mke wa Ewald. Ewald mwenyewe, Orest hakumwona, ingawa alikuwa mrefu kuliko mlango.

Tangu hapo kimya. Kwenye timu hawakupata shida, maana winga yuko mbele na beki yuko nyuma. Ewald akikipata kisahani, kile kidude cheusi cha mpira kinachogombewa barafuni, hakumpa Orest. Alimpa mchezaji wa kati, na wa kati akampelekea Orest. Kisahani kilipitia kwa mshenga, kama posa, na watu wakazoea.

Jioni ile Orest alimkuta Darka jikoni anakunja varenyky, vijisambusa vya kuchemsha, anajaza viazi vilivyopondwa na kubana kingo kwa vidole.

"Amenirudisha nyuma," akasema.

"Nani?"

"Mwalimu Caron. Nicheze beki."

"Beki naye ni mtu."

"Beki pamoja na Friesen."

Darka akabana mbili tatu kabla ya kujibu. "Yule unayesema si mtu."

"Nafikiri kuacha, mke wangu. Nimecheza vya kutosha."

"Ukiacha, Jumapili utakuwa wapi?"

"Hapa."

"Hapa na nani?"

"Na wewe."

Darka akamtazama mumewe kwa upendo na hofu. "Nenda kacheze, baba," akasema. "Beki ni kazi nzuri tu."

Mechi yake ya kwanza nyuma ilichezwa nyumbani. Tofauti kubwa ya winga na beki ni kwamba beki huteleza kinyumenyume: adui anamjia na yeye anarudi, macho mbele, matako yakitangulia mahali asipopaona. Orest alikuwa hajateleza kinyumenyume tangu utotoni, na hata utotoni ilikuwa kwa bahati mbaya. Zamu ya kwanza kuingia barafuni alianguka. Zamu ya pili hakuanguka kwa sababu alisahau kabisa kuwa ni beki. Alikiona kisahani kinakwenda mbele akakifuata kwa furaha, na alipogeuka akakuta upande wake wote uko wazi na watu watatu wanamshambulia Clint.

Zamu ya tatu aling'ang'ania mahali pake. Adui mmoja akaja katikati na kisahani. Orest akaona huyu ni wake. Ewald naye akaona huyu ni wake. Wakamwendea wote wawili, kila mmoja akiwa amefunga mdomo, naye adui akapunguza mwendo kidogo akawaacha wagongane. Halafu akaenda kufunga goli bila haraka.

Clint akainua kofia yake ya chuma akawatazama wakiwa wamelala pale chini. "Jamani," akasema, "mbona hata ng'ombe wakitaka kupita mlango mmoja huwa wanalia?"

Wakati wa mapumziko Mwalimu Caron akawaita wote wawili kwenye kona ya korido, pale zinapowekwa koleo za theluji. Walisimama mbele yake kama walivyowahi kusimama zamani, kwa makosa mengine.

"Sitaki mpatane," akasema. "Hilo ni lenu na Mungu wenu. Nataka mseme. Maneno manne yanatosha. Wangu. Wako. Nyuma. Ngoja. Friesen, umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

"Kozoriz?"

"Nimesikia."

"Hebu niyasikie."

Wanaume wawili wenye mvi wakatamka maneno manne huku kila mmoja anaitazama koleo yake.

Neno la kwanza kusemwa barafuni lilitoka kwa Ewald. Adui alikuja upande wa kulia, na Ewald akapaza sauti: "Wangu." Orest akawaza kwamba neno hilo Ewald alilijua vizuri siku zote. Lakini akamwachia, akabaki kulinda mbele ya goli, na adui akabanwa kwenye ubao unaozunguka barafu akapokonywa. Mechi waliipoteza hata hivyo.

Majuma yakawa hivyo. Wangu, wako, nyuma, ngoja. Wakitoka barafuni mazungumzo yanaisha. Waliketi benchi moja, maana mabeki hutoka pamoja na kuingia pamoja, na kati yao waliacha nafasi ambayo mtu mwembamba angeweza kukaa. Colby, kule mbele, alikuwa anafunga magoli ambayo Orest alikuwa hajayafunga miaka mingi. Kila goli Orest aligonga gongo lake la kuchezea ubaoni kumpongeza, kwa nguvu ya wastani.

Kilichomuudhi zaidi ni kuteleza kinyumenyume. Aliona aibu kujifunza mbele za watu, kwa hiyo kabla ya Krismasi akasafisha theluji juu ya bwawa la kunyweshea ng'ombe lililoganda, nyuma ya ghala, akawa anakwenda pale baada ya kulisha. Alikwenda kinyumenyume kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule. Mara nyingi alifika akiwa amekaa. Ng'ombe walikuja uzioni wakamtazama bila kumhukumu. Darka alimtazama kutoka dirishani, naye alimhukumu kidogo. Aliweka chupa ya maji ya moto kwenye kiti chake wakati wa kula, na Orest aliikalia bila kuuliza.

Bwawa lile linaonekana kutoka barabara ya bondeni. Orest hakulifikiria hilo.

Jumatano moja ya mazoezi, wamesimama kando wanangoja zamu, Ewald akasema, macho yake yakiwa kwenye saa ya ukutani:

"Unasimama wima mno."

Orest akageuka kuona anaambiwa nani. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Kunja magoti," akaendelea Ewald. "Kalia, kama mtu yuko chooni halafu kiti ni cha baridi. Hutaki kukigusa, lakini unakikaribia."

Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ya kwanza nzima kati yao tangu mzee Petro alipozikwa. Zamu yao ilipofika Orest akakunja magoti, akakikaribia kiti cha baridi, na miguu yake ikaenda nyuma kwa urahisi ambao hakuutarajia. Akafika ubao wa nyuma akiwa bado amesimama. Jambo hili lilimkasirisha sana. Alifika nyumbani akiwa bado amekasirika, akamwambia Darka kwamba yule mtu alikuwa anampeleleza bwawani.

"Alisema nini?" akauliza Darka.

Orest akamweleza habari za choo.

"Na ni kweli?"

"Si hoja kama ni kweli."

Kufikia Februari alikuwa beki wa kadiri. Hakuwa mzuri, lakini maadui walianza kumzunguka badala ya kumpita. Aligundua pia kwamba nyuma mtu huona uwanja wote. Miaka yote alipokuwa winga aliona kisahani, gongo lake, na mgongo wa mtu. Sasa aliwaona wachezaji wote, na aliona jinsi Ewald anavyocheza: polepole, bila makuu, kila mara anasimama mahali ambapo kisahani kitakuja baadaye. Orest alisikitika kuona hivyo. Ni kazi rahisi zaidi kumnunia mtu asiyejua kazi yake.

Ilikuwa katika mechi moja ya Februari, isiyo na maana kwa mtu yeyote, Mabata wakiongoza, wawili hao wamekaa benchi wakitoa mvuke wa baridi midomoni. Ewald akasema:

"Ile habari ya shamba."

Orest akaendelea kutazama barafu.

"Nilijua mzee yuko hospitali," akasema Ewald. "Ndiyo sababu nilikwenda mjini wakati ule. Ningengoja, ungelipata wewe."

"Najua."

"Nilitaka ujue kwamba najua."

"Hilo nilikuwa silijui," akasema Orest.

Mbele yao Colby aliangushwa, akainuka, akamlalamikia refa. Refa akampungia mkono apotee. Orest akajipangusa pua kwa glovu.

"Baba hakuambiwa," akasema. "Kila siku alikuwa ananiuliza, kwa mdomo ule wake uliopinda, kama theluji imeifunika vizuri ngano kule bondeni, isiuawe na baridi. Mimi namwambia ndiyo. Sikuwa nimekwenda kuangalia."

Ewald akapapasa glovu yake, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

"Ilifunika," akasema. "Mwaka ule ilifunika vizuri sana. Ngano iliota yote."

Orest akaitikia kwa kichwa mara moja.

"Kozoriz, Friesen," akaita Mwalimu Caron. "Au niwaletee chai?"

Wakaingia barafuni kupitia kamlango ka benchi, kwa sababu vijana ndio wanaoruka ubao. Zamu ile Orest hakuikumbuka baadaye. Aliambiwa na Clint kwamba alizuia shuti kwa paja, kisha akasimama pale pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka Ewald alipomwambia, "Nyuma."

Mtu wa nje angetegemea kwamba baada ya hapo walishikana mikono. Hawakushikana. Shamba lilibaki la Friesen, uzio ulibaki pale pale, na Orest alipopita barabara ya bondeni bado aligeuza uso upande mwingine. Tofauti ni kwamba yale maneno manne yalipata wenzao. Kulikuwa na "kushoto" na "mpe Clint." Baadaye ikaja "umelala?" na, siku moja ya baridi kali, "gari lako limewaka?" Orest akajibu kwamba limewaka.

Mwezi wa Machi, Mabata Bukini wakafika nusu fainali kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Wakaenda Wyndale, mji jirani wenye uwanja mzuri zaidi na watu wanaokumbusha jambo hilo. Mechi ilikuwa mbili kwa mbili mpaka dakika za mwisho. Orest alikuwa amecheza vizuri, na alijua, na alijitahidi usoni mwake lisionekane.

Ndipo winga mmoja wa Wyndale, mtu mwenye ndevu nyekundu na tumbo la haja, akaja na kisahani katikati, polepole, akiyumba huku na huku. Orest alikuwa kushoto anarudi nyuma kwenye kiti chake cha baridi. Ewald alikuwa kulia. Ewald akapaza sauti. Orest akasikia, akamwachia, akaenda kumkaba mtu mwingine aliyekuwa hana hata haja ya kukabwa. Ewald naye akamwacha yule mwenye ndevu. Yule bwana akajikuta peke yake mbele ya Clint, akashangaa kidogo, kisha akafunga.

Kipenga cha mwisho kikalia muda si mrefu baadaye. Wakapeana mikono na Wyndale kwa mstari, kama desturi. Mwenye ndevu nyekundu akamwambia Orest, "Asante, mzee," na alimaanisha kwa dhati, na hilo ndilo lililouma.

Msimu ukiisha, Mabata hupita hotelini kwanza kabla ya kurudi kwao, hata wakiwa wamefungwa. Wakiwa wamefungwa huwa hawakosi. Baa ya hoteli ya Wyndale ilikuwa na meza ndefu moja na jua la jioni lilikuwa bado linaingia dirishani. Miaka yote Orest alikaa upande huu na Ewald upande ule. Jioni hii Orest aliagiza bia yake, akapita viti viwili vitupu, akaenda kukaa mbele ya Ewald. Meza nzima ikapunguza sauti. Mzika maiti akaweka chini chipsi aliyokuwa ameishika.

"Kwa nini ulimwacha?" akauliza Orest.

"Nani?"

"Ndevu."

"Nilisema wako," akasema Ewald.

"Ulisema wangu."

"Nilisema wako, Orest. Alikuwa upande wako."

"Alikuwa katikati. Na nimesikia kwa masikio yangu. Ulisema wangu."

"Masikio yako yana kofia ya chuma juu yake."

"Tangu Novemba yana kofia ya chuma na nimekuwa nakusikia."

Ewald akavuta kopo la chumvi akaliweka katikati ya meza. "Huyu ni Ndevu." Akaweka pilipili kulia. "Mimi." Akatafuta cha kumweka Orest, akapata chupa ya siki. Orest akaisogeza siki kidogo, akasema hakuwa pale, alikuwa hapa. Ewald akairudisha. Orest akaisogeza tena. Clint akaitwa kutoa ushahidi kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anaangalia, akasema yeye alisikia "Mungu wangu," na labda alilisema mwenyewe.

Wengine wakachoka, wakarudia mazungumzo yao. Mwalimu Caron, aliyekuwa akinywa chai ya rangi mwisho wa meza, akawaangalia mara moja na kuendelea kuongea na Colby juu ya masomo ambayo hakuyamaliza. Wawili wale waliendelea kusogeza chumvi na siki. Ewald alikumbuka goli kama hilo walilofungwa wakiwa vijana, Orest akamwambia amekosea mwaka, na mji, na mfungaji. Mke wa Ewald aliyekuja kumchukua alilazimika kukaa, kisha akaagiza supu. Orest alimwamkia, na baada ya kufikiri kidogo akamsogezea chumvi, jambo lililoharibu goli lote ikabidi waanze upya.

Alipofika nyumbani Darka alikuwa ameshasikia habari, kwa kuwa simu Hazelmoor huenda haraka kuliko pikapu.

"Naambiwa umekaa na Friesen," akasema.

"Ndiyo."

"Mpaka jua limezama."

"Kulikuwa na mambo ya kuzungumza."

Darka akavua aproni, akaitundika taratibu. "Kwa hiyo mmepatana, baba?"

"Hapana," akasema Orest. "Tulikuwa tunazungumzia goli la tatu."

"Lilikuwa kosa la nani?"

"Lake."

Akachukua mfuko wake wa vifaa vya hoki, akashuka chini kwenye tanuri la kupashia nyumba joto, akaanza kuanika soksi.